Siku 84 kwa Mama wa Kijijini

Maelezo ya Kamati ya Fedha kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa wanachama waishio Dar es Salaam



Kwa kawaida Kamati ya Fedha ikisimama hapa inasoma mapato na matumizi, watu wanapiga makofi, kisha tunakwenda kula. Hesabu za mwaka huu zimekaguliwa na zimechapwa kwenye kijitabu hiki, mtazisoma wenyewe. Dakika zetu tumeomba tuzitumie kwa jambo jingine. Kwenye bajeti ya mwaka ujao kuna mstari mmoja ambao umeleta maneno tangu rasimu ilipotumwa kwenye kundi letu la simu. Mstari huo umeandikwa "Siku za kina mama". Wapo waliouliza kama ni sherehe, na wapo waliouliza kwa nini umekula fedha za kumalizia ukumbi. Mna haki ya kujibiwa na sisi tuliouweka.

Tangu Umoja wetu uanze, kazi yetu imekuwa kujenga. Madarasa, madawati, bati la zahanati, matundu ya choo. Sisi wahasibu tunapenda sana kujenga, kwa sababu ukitoa fedha ya bati unaliona bati, unalihesabu, unalipiga picha. Mkaguzi hana swali. Jambo tunalowaletea leo halipigiki picha, na kwa muda mrefu hilo ndilo lililotufanya tusiliguse.

Tuanze na namba, maana ndiyo lugha tuliyoizoea. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulipima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano nchi nzima. Kati ya kila watoto 100 wa Tanzania, 30 walikutwa wamedumaa. Kwetu Njombe walikuwa 50. Jirani zetu wa Iringa, ambao tulikuwa nao mkoa mmoja hadi 2012, walikuwa karibu 57. Sasa rudini nyuma kwenye utafiti wa 2015/16. Wakati ule taifa lilikuwa 34, na Njombe 49. Wekeni namba hizo kwenye safu mbili kama tunavyofanya sisi na mtaona kilichotutia aibu: nchi imeshuka, sisi tumesimama palepale. Na katika utafiti huohuo wa 2015/16, Dar es Salaam, mji huu ambao haulimi hata debe moja la mahindi, ulikuwa na watoto 15 tu waliodumaa katika 100.

Mahindi yanayoliwa hapa mjini yanapita Makambako. Viazi vinavyokaangwa chipsi usiku kucha pale barabarani ni vyetu. Parachichi letu linapanda ndege na meli kwenda kwa watu tusiowajua. Tunalisha watu, na watoto wa tunaowalisha wanarefuka kuliko wa kwetu. Mtu akisema tatizo la kwetu ni njaa, hajafika kwetu. Ni lazima kuna mahali pengine ambapo hesabu haifungi, na sisi tulipoikosa mezani tukaamua kwenda kuitafuta.

Desemba iliyopita watatu kati yetu tulikwenda nyumbani kukagua bati la zahanati kabla ya Krismasi. Bati liko salama. Tukiwa pale tulimwomba muuguzi atuonyeshe daftari la watoto. Uzito umeandikwa kila mwezi, vizuri kabisa, kwa mwandiko safi. Safu ya urefu ilikuwa nyeupe kuanzia juu mpaka chini. Tukauliza. Muuguzi akasema, "Mizani ninayo. Ubao wa kupimia urefu sina." Yaani kitu kinachotusumbua kuliko vyote hakina hata kipimo. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene wa mashavu, akapita kwenye mizani kila mwezi, mama akaambiwa anaendelea vizuri. Udumavu hauonekani kwa uzito. Unaonekana kwa urefu ukilinganishwa na umri.

Tukaazima ubao kutoka kituo cha afya cha kata, tukaongozana na mhudumu wa afya wa kijiji kwenda nyumba chache. Nyumba moja tutaisimulia, bila jina wala kitongoji, na wenyewe wameturuhusu.

Ni nyumba nzuri. Imeezekwa, ina sola, nyuma kuna banda la nguruwe na kuku wengi, na shamba la parachichi linaanza kuzaa. Ghala lina mahindi ya mwaka uliopita. Mwenye nyumba alitukaribisha kwa furaha akatuambia chakula kwake kipo mpaka wanauza. Mtoto wao wa kiume alikuwa ametimiza miaka miwili wiki ileile. Tukamlaza kwenye ubao. Mvulana wa umri huo hutegemewa kuwa na sentimita 87 au 88, na akishuka chini ya 82 hivi anahesabiwa amedumaa. Huyu alikuwa na 79.

Baba akacheka kidogo. Akasema, "Jamani, ukoo wetu ni wafupi."

Maneno hayo tumeyasikia maisha yetu yote, na wengine wetu tumeyasema. Tungependa tuyajibu kwa heshima. Vipimo hivyo vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolishwa na kutunzwa ipasavyo. Watoto wale, pamoja na tofauti zao zote za rangi na ukoo, walikua karibu sawa katika miaka ya mwanzo. Hakuna aliyesema kila mtu atakuwa mrefu kama mlingoti. Ufupi wa mtu mmoja unaweza kuwa wa kuzaliwa nao. Lakini nusu ya watoto wa mkoa mzima? Huo si ukoo. Na tuseme bila kumtukana mtu: humu ukumbini tumo wengi ambao tungepimwa tukiwa na miaka miwili tungeandikwa palepale kwenye daftari. Tumesoma, tunafanya kazi, tunalea. Aliyedumaa si mjinga, asije mtu akatoka hapa na neno hilo. Ila anaugua kwa urahisi zaidi, shuleni anakuwa na kilima kirefu zaidi cha kupanda, na kama ni msichana anakuja kulipa deni lingine wakati wa kuzaa. Hapo ndipo tulipofika na mama wa yule mtoto.

Ana miaka 20. Mtoto wa kwanza alimpata akiwa na 16. Huyu wa pili akiwa na 18. Siku tuliyofika alikuwa na mimba ya miezi sita, na ametoka kupanda mahindi. Tukampima naye kwa kumsimamisha ukutani: sentimita 147. Kliniki mama aliye chini ya 150 huangaliwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu nyonga yake inaweza kuwa nyembamba kwa mtoto kupita. Kwa maneno mengine, inawezekana sana kwamba yeye mwenyewe alidumaa akiwa mtoto, na hakuna aliyempima.

Wahasibu mtatusamehe, hatuna njia nyingine ya kulieleza hili. Kila kitabu cha hesabu kinaanza na salio la mwanzo, na salio la mwanzo la mwaka huu ni salio la mwisho la mwaka jana. Hulibuni, unalipokea. Mtoto naye anapoanza kuumbwa anapokea salio la mama yake: damu aliyonayo, nyama iliyo mwilini mwake, madini kwenye mifupa yake. Mama mwenye upungufu wa damu, mwembamba, aliyechoka, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua mtoto aliye chini ya kilo mbili na nusu, na mtoto wa namna hiyo anaanza mbio akiwa nyuma. Wataalamu wa lishe wanahesabu siku 1,000 za mwanzo: 270 za tumboni, 365 za mwaka wa kwanza, na 365 za mwaka wa pili. Jumlisheni, inafunga. Kinachopotea humo ni vigumu sana kukirudisha baadaye, hata kwa uji wa shule na maziwa. Na angalieni: zaidi ya robo ya siku hizo mtoto anakula kupitia kinywa cha mama peke yake.

Sasa binti wa miaka 16 akishika mimba, mwili wake bado unajijenga. Chakula kilekile kinagombewa na wawili. Akijifungua, akapumzika muda mfupi, akashika tena, anaingia mimba ya pili bila kurudisha kilichochukuliwa na ya kwanza. Ushauri ni kwamba baada ya mama kujifungua ipite angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Huyu mimba ya tatu imeingia mtoto akiwa na miezi 18, na mtoto akaachishwa ziwa kwa sababu waliambiwa maziwa ya mama mwenye mimba "yanaharibika". Hayaharibiki. Lakini aliyewaambia ni mtu mzima anayeheshimiwa, na nani atambishia?

Tukamwomba atusimulie siku yake ya kawaida. Tuliiandika kama tunavyoandika hesabu, saa kwa saa. Saa 11 alfajiri ameamka, anachota maji na kuwasha moto. Saa 1 yuko shambani na jembe, mtoto mdogo amebaki na dada yake wa miaka minne na bibi ambaye haoni vizuri. Shambani anakula kiazi cha kuchemsha na chai ya rangi. Saa 9 anarudi na mzigo wa kuni. Anapika, anaosha, analisha nguruwe. Saa 2 usiku wanakula: baba na wageni kwanza, yeye na watoto kinachobaki. Kuku wapo, lakini mayai yanauzwa kununua sabuni na chumvi, na isitoshe mamamkwe alimkataza mayai akiwa mjamzito. Pia aliambiwa asile sana asije akazaa mtoto mkubwa akapasuliwa. Fedha ya parachichi anaishika mume, na mume si mtu mbaya, ndiyo desturi tu. Tulipomaliza kuandika tukajumlisha. Saa 15 za kazi, kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi sita, kwa siku moja. Kibarua wa kulipwa angegoma.

Tukauliza habari ya kliniki. Mimba hii alianza kuhudhuria mwezi wa tano, wakati inashauriwa kuanza kabla ya wiki 12. Kwa nini? Kwetu mimba changa haitangazwi, hilo mnalijua. La pili ni hili, na ndugu zetu wanaume tunaomba mlisikie: mara nyingi mahudhurio ya kwanza mama anaambiwa aje na mwenzi wake. Nia ni njema, wapime wote. Ila kwa kina mama wengi wa kwetu, mwenzi yuko wapi? Yuko Makambako kwenye mbao. Yuko hapa Dar es Salaam. Huenda yuko kwenye ukumbi huu. Mama anaona aibu kwenda peke yake, anasubiri, miezi inapita, na vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa bure vinabaki kabatini.

Naye alivipata, akavimeza wiki mbili, akaviacha. Vilimtia kichefuchefu na choo kikawa cheusi, akaogopa. Choo kuwa cheusi ni kawaida kwa mtu anayemeza madini chuma, na hakuna aliyemweleza. Tena alikuwa anavimezea na chai. Ndugu zetu, sisi ni watu wa mashamba ya chai, lazima tuliseme hili japo linauma: chai ikinywewa pamoja na chakula au na vidonge inazuia mwili kupokea madini chuma. Inywewe saa moja au mbili baadaye. Tunda, kwa mfano chungwa au pera, linasaidia. Mabadiliko haya hayahitaji mchango wa mtu yeyote, yanahitaji mtu wa kumweleza mama bila kumkaripia.

Na ulanzi. Tulikuwa kwenye msimu wake, na hatukuwa watakatifu, tulionja. Lakini tuliona pia mama mjamzito akinywa, na mtoto asiyejua kutembea akipewa kikombe "apate usingizi" ili mama alime. Ulanzi ukilala ni pombe. Pombe inapita kwa mtoto tumboni na kupunguza ukuaji wake. Aliyezaliwa akinywa, unakwenda mahali pa chakula. Sisi tuliokulia huko tumelifanya jambo hili kuwa mzaha wa kusimulia mjini.

Kuna jambo jingine ambalo huwa tunalisema kwa kunong'ona. Utafiti wa taifa wa VVU wa 2022/23 uliikuta Njombe ikiwa juu kuliko mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima. Mama anayeishi na virusi asipopata dawa, afya yake inashuka na mtoto wake anashuka naye. Anayemeza dawa bila kukatisha ananyonyesha na mtoto anakua. Tofauti kati ya hao wawili mara nyingi ni kwamba mmoja anaogopa kuonekana kwenye foleni ya zahanati na shemeji zake. Hatuna mstari wa bajeti kwa ajili ya hilo. Tunalitaja kwa sababu kulipita kimya kungekuwa kuficha ukurasa.

Na ukurasa mwingine ni wetu sisi wa mjini. Wengi wetu tumeleta mabinti kutoka nyumbani kutusaidia kazi na kulea watoto wetu, watoto ambao wanakula mayai kila asubuhi. Binti anakuja na miaka 14. Baadhi yao wamerudi kijijini na mimba kabla ya kufika 18, tumewapandisha basi na nauli na kanga, tukasema "mambo ya vijana". Utafiti wa 2022 unaonyesha kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 wameshawahi kushika mimba. Baadhi ya hao walitoka kwenye vyumba vya uani vya nyumba zetu. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 au 14 vinakwenda kinyume na Katiba. Wakili anayesimamia binti yako wa kazi ni wewe. Tuishie hapo, tusije tukaharibu chakula cha mchana.

Basi, mstari wa bajeti.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaweza kuianza wiki nne kabla ya kujifungua. Sisi wa kamati tumezilipa likizo hizo maofisini kwetu, tumezisaini, wake zetu na dada zetu wamezitumia, na baadhi yenu kina mama mliokaa hapa mtakumbuka kwamba hata siku 84 zilikuwa chache. Mama wa kijijini anapumzika siku ngapi? Tuliyemsimulia alirudi shambani wiki ya tatu baada ya kujifungua yule mvulana, kwa sababu palizi haisubiri. Akamwacha na uji mwepesi, maji mengi unga kidogo, akiwa hajafikisha miezi miwili, wakati alipaswa kunyonya maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Usimwambie mama huyo "nyonyesha miezi sita" kama jembe lake halina wa kulishika. Ni kama kumwambia karani afunge hesabu na umemnyang'anya vitabu.

Tunapendekeza tumnunulie siku zake. Kwa kila mama mjamzito wa vijiji vyetu atakayejiandikisha, Umoja ulipe vibarua wa kufanya kazi ya shamba lake kwa siku 28 kabla ya kujifungua na 56 baada ya kujifungua. Bei ya kibarua mnaijua wenyewe, na makisio yote yako ukurasa wa nyuma. Siku ambazo shamba halina kazi, malipo yaende kwenye kuni na maji. Fedha haitapita kwa mume, haitapita kwa mwenyekiti wa kitongoji, wala haitapita kwetu. Kikundi cha kina mama cha kijiji kitawachagua vibarua, mhudumu wa afya atathibitisha siku, na kibarua atasaini hati ya malipo. Nakala ya hati zote italetwa kwenye mkutano huu mwakani. Mnatujua, risiti tunazipenda.

Ndani ya kamati tulibishana kama mama awekewe sharti la kuwahi kliniki ndipo apate. Wengi wetu tulikataa. Anayechelewa kliniki ndiye anayeficha mimba, na anayeficha ndiye mwenye shida zaidi. Sharti lingewasaidia wale ambao wangefika hata bila sisi.

Pamoja na hilo tunanunua mbao za kupimia urefu na tepe za kupimia mkono kwa zahanati zetu. Hizi ni fedha ndogo sana, kiasi kwamba tunaona aibu hatukuzitoa miaka kumi iliyopita. Na kuna fedha ambayo si yetu lakini tunataka kuifuatilia: kila halmashauri inatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Tuna wanachama zaidi ya kumi wenye vyeti vya uhasibu humu ndani. Tutaandika barua ya heshima kuomba kuona kiasi kilichotengwa, kilichotolewa na kilichotumika. Mara nne kwa mwaka hufanyika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, na tumekubaliana kwamba mwanachama yeyote wa kiume atakayekuwa nyumbani siku hiyo ataenda, atakaa mbele, na atauliza maswali, ili wanaume wa kijiji waache kuiona kama siku ya wanawake.

Mzee wetu mmoja, tunayemheshimu sana, alitupigia simu baada ya kusoma rasimu. Alisema, "Mama zenu walilima na mimba mpaka siku ya mwisho, na ninyi mkazaliwa." Tulinyamaza, maana ni kweli. Kisha mmoja wetu akamuuliza kwa upole, "Baba, mama alizaa wangapi?" Mzee akasema tisa. Tuliolelewa katika nyumba ile tulikuwa watano. Wanne wako nyuma ya nyumba, chini ya miti. Mzee alikaa kimya muda mrefu kwenye simu, tukadhani imekatika. Halafu akaahidi mchango wake, na umeingia tayari, risiti namba ya kwanza ya mwaka huu.

Tunakiri kwamba siku 84 si siku 1,000. Hazitamfanya binti wa miaka 16 awe na 20, wala hazitamrefusha mama wa sentimita 147. Kuna mambo ya mila ambayo hayaondoki kwa bajeti ya mwaka mmoja. Hata hivyo kati ya yote tuliyoyaona kule, kazi ya jembe ndiyo pekee ambayo fedha ya watu wa mjini inaweza kuiondoa mgongoni mwa mama moja kwa moja, wiki hiihii, bila kusubiri mtu abadilike. Ukumbi tumeufikisha kwenye linta. Linta haitadumaa ikisubiri mwaka.

Yule mama anatarajia kujifungua mwezi Machi, palizi ikiwa imepamba moto. Mume wake alituuliza kama mpango utakuwa umeanza. Tukamwambia itategemea na mkutano huu.

Fomu za ahadi ziko kwenye meza ya mlangoni, zimegawanywa kwa vijiji. Mwenye kutoa siku moja aandike siku moja, mwenye kutoa zote 84 za mama mmoja aandike 84. Tafadhali andikeni idadi ya siku, si shilingi. Kuzigeuza kuwa shilingi ni kazi yetu. Wanaotuma kwa simu watumie namba ya Umoja iliyo nyuma ya kijitabu, na waandike neno SIKU ili tusizichanganye na za ukumbi.